Faraja ya Ndugu na Zamu ya Mfereji: Bruno Gutmann Asomwapo Kahe Baada ya UVIKO-19

1. Utangulizi

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa. Katika sharika zetu za Kilimanjaro tangazo hilo lilipita kimya, kwa kuwa wengi walikuwa wameyafunga mazungumzo ya ugonjwa ule siku nyingi. Ndoo za maji zilikuwa zimeondolewa milangoni pa makanisa, barakoa zimesahauliwa, na watu walikuwa wakipeana mikono kama zamani. Lililobaki mimbarani ni wito mmoja: turudi ibadani, tutiane moyo, tusonge mbele. Wito huo ni mwema. Lakini neno jema likirudiwa mno bila kupimwa huchakaa, na kulipima ni sehemu ya kazi ya chuo cha theolojia.

Makala hii yakusudia kuuliza maswali mawili. Kutiana moyo katika Kristo ni nini hasa? Na ni nani apaswaye kuifanya kazi hiyo, mahali gani, na kwa utaratibu upi? Ili kuyajibu tutakihakiki kitabu cha mmisionari Bruno Gutmann, Gemeindeaufbau aus dem Evangelium, yaani Kuujenga Usharika kutokana na Injili, kilichochapwa Leipzig mwaka 1925. Huenda msomaji akashangaa kwamba twarudi kwenye kitabu cha miaka mia moja. Sababu yake ni hii: ni wachache waliofikiri kwa bidii kama Gutmann juu ya usharika wa Kilimanjaro kama watu waliofungamana, na ugonjwa uliotupata ulikuwa jaribio la mafungamano hayo hayo.

Gutmann aliutazama usharika akiwa mlimani, Old Moshi, kati ya vihamba. Sisi tutamsoma kutoka chini, kwenye tambarare ya Kahe, kusini-mashariki ya mji wa Moshi. Nadharia iliyozaliwa mlimani ikishushwa tambarare huonyesha mara moja yaliyo imara ndani yake na yaliyoegemea mgomba tu.

2. Faraja na onyo

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, kitenzi cha Kiyunani parakaleo kimetafsiriwa kwa njia kadha wa kadha. Katika 1 Thes. 5:11 ni kufarijiana. Aya tatu mbele, 5:14, ni kusihi. Katika Rum. 12:8 karama hiyo hiyo yaitwa kuonya, na katika Ebr. 10:25 twaagizwa tuonyane. Tena Roho Mtakatifu, ambaye Yohana amtaja kwa jina litokanalo na kitenzi hicho, aitwa Msaidizi (Yn. 14:16). Watafsiri hawakukosea. Maana ya asili ni kumwita mtu awe kando yako, au kusimama kando yake na kusema naye. Na asimamaye kando ya mwenzake mara humpangusa machozi, mara humshika mkono asitumbukie shimoni.

Hata hivyo msomaji asiyejua Kiyunani hawezi kutambua kwamba maneno hayo yote yatoka katika shina moja. Hivyo tumezoea kuyagawa: faraja tumeipeleka msibani, na onyo tumeliweka kwenye kikao cha nidhamu ya kanisa. Mfiwa hufarijiwa bila kuonywa, na mkosaji huonywa bila kufarijiwa. Mgawanyo huo ulikuwapo kabla ya mwaka 2020. Ugonjwa uliufunua tu.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Siku iliyofuata shule zilifungwa, lakini Serikali haikuyafunga makanisa wala misikiti. Mwezi Aprili siku tatu zilitengwa kwa maombi ya kitaifa. Takwimu za mwisho zilizotolewa mwaka huo zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo idadi haikutangazwa tena kwa utaratibu hadi katikati ya mwaka 2021, na katika miezi ya kwanza ya mwaka huo, misiba ilipofuatana, watu walizoea kusema kwamba marehemu alipatwa na changamoto ya upumuaji. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Katika miezi hiyo Ebr. 10:25 ilihubiriwa mara nyingi kama amri ya kuhudhuria. Aliyekuja alihesabiwa kuwa ana imani, na aliyebaki nyumbani alitiliwa shaka. Lakini mwandishi wa Waebrania haanzi na kuhudhuria. Katika aya ya 24 yeye aanza na kuangaliana. Kukusanyika kumewekwa kwa ajili ya kuangaliana huko, na onyo limetajwa kama njia yake. Basi mtu aliyebaki nyumbani ili asimletee mama yake mzee ugonjwa alikuwa akiangalia. Na aliyekuja huku akikohoa, akaketi katikati ya wazee ili asionekane mwoga, alitimiza mahudhurio akaivunja aya.

Jambo la pili ni zito zaidi. Lugha ya changamoto ya upumuaji haikutungwa na Kanisa, lakini iliingia katika wasifu wa marehemu uliosomwa mbele ya majeneza yetu, nasi tukahubiri faraja juu yake. Hatusemi haya ili kumhukumu mchungaji yeyote, kwa maana mazingira yalikuwa magumu, na mara nyingi hakuna aliyejua kwa hakika marehemu alikufa kwa nini. Lakini matokeo yake yapo. Mjane alifarijiwa kwa kifo kisichotajwa jina, na majirani waliotoka kaburini hawakuonywa juu ya hatari iliyokuwa ingali mlangoni mwao. Faraja iliyotengwa na ukweli ilikosa nguvu ya kufariji. Wapo waliofiwa mwaka 2021 ambao maombolezo yao hayajaisha hadi leo, kwa kuwa hayakuruhusiwa kuanza.

3. Hoja ya Gutmann

Gutmann alizaliwa Saksonia mwaka 1876, akafika Kilimanjaro mwaka 1902 akitumwa na Misheni ya Leipzig, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya Old Moshi. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Kitabu chake kilichapwa akiwa amekuwa mbali na usharika wake kwa miaka mitano. Ndipo akarudi, akatumika hadi mwaka 1938. Ni vyema kukumbuka kwamba kitabu hiki juu ya ukaribu kilitoka katika miaka ya utengano. Huenda ndiyo sababu kimejaa shauku, na huenda ndiyo sababu kimepamba mno.

Hoja yake kwa ufupi ni hii. Mwanadamu hakuumbwa peke yake. Mungu amemweka katika mafungamano ya asili, na kwa Wachagga Gutmann aliyaona matatu: ukoo, ujirani na rika. Injili haiji kuyavunja mafungamano hayo ili kumfanya mtu awe chembe iliyo peke yake. Yaja kuyasafisha na kuyatumia. Kwa hiyo usharika ujengwe juu yake. Wazee wa kanisa wawe ni watu wa ujirani fulani, wenye kuwajibika kwa nyumba fulani. Vijana wa kipaimara waunganishwe katika vikundi vidogo vya kulindana, ambavyo alivipa jina litokanalo na ngao, kwa mfano wa vijana wa rika moja waliokuwa wakikingana. Tena magomvi yasikimbizwe upesi mahakamani, bali yatafutiwe upatanisho nyumbani, kwa desturi ambazo kwa Mchagga jani la isale lilikuwa alama yake.

Mluteri hapaswi kushangazwa na sehemu ya hoja hiyo. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, sehemu ya tatu, Luther ahesabu njia ambazo kwazo Injili hutufikia: Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana, mamlaka ya funguo, kisha aongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Kwa Luther, ndugu akimwambia nduguye neno la Kristo jikoni, shambani, au kando ya kitanda, Injili yenyewe imefika hapo. Katika mafundisho yetu njia nne za kwanza zina vitabu, mavazi na ratiba. Ya tano tumeiacha ijiendeshe.

4. Alipoona vyema

Historia ya mlima wetu yamshuhudia Gutmann katika jambo moja kubwa. Wamisionari walipoondolewa mwaka 1920, sharika hazikuvunjika. Wachungaji wazalendo walikuwa bado hawajabarikiwa. Wa kwanza walibarikiwa katika miaka ya 1930. Walioubeba usharika walikuwa walimu na wazee, watu wa ujirani, waliojua nyumba ipi ina mgonjwa na nyumba ipi ina ugomvi. Ni kweli kwamba wamisionari wengine walikuja kusaidia katika miaka hiyo, lakini wachache hao wasingeweza kuufikia kila mlango. Faraja ya ndugu ndiyo iliyofika.

Katika jambo hilo kuna mfano wa kinyume, nao ni wa karibu na wa kusikitisha. Tarehe 1 Februari 2020, majuma sita tu kabla ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa, watu 20 walifariki katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, walipokanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako katika mkutano wa maombezi. Wengine walijeruhiwa. Makanisa mengi yalilaumu mafundisho ya mkutano ule, na lawama hiyo ina mahali pake. Lakini swali lituhusulo sisi ni jingine: watu wale walikuwa na kiu gani iliyowatoa nyumbani? Baadhi yao, bila shaka, walikuwa wabatizwa wa sharika zetu. Walikwenda kutafuta mtu wa kuwaombea kwa kuwataja shida zao. Ikiwa mkristo anapaswa kusafiri hadi uwanjani ili apate kuguswa katika ugonjwa wake, kuna mlango nyumbani kwake ambao haukubishwa.

Umati ule haukuwa na ujirani ndani yake. Aliyeanguka hakuwa na jina kwa aliyemkanyaga. Gutmann angesema kwamba pale palikuwa na watu wengi wala hapakuwa na usharika, naye angesema kweli. Neno hilo litupime sisi pia, maana yawezekana kuwa na jengo lililojaa Jumapili, ibada tatu zenye kwaya nne, na mnada wa mazao uliochangamka, na bado mtu akaugua majuma matatu pasipo yeyote kujua. Wakati wa ugonjwa wengi walisikiliza ibada kwa redio, na Redio Sauti ya Injili ya hapa Moshi ilikuwa baraka kwa waliobaki nyumbani. Sadaka nazo zilitumwa kwa simu. Mambo hayo yalisaidia. Lakini redio husema bila kuona uso wa msikilizaji, na simu hupokea sadaka ya mgonjwa bila kuuliza hali yake.

5. Alipokosea

Sasa tushuke Kahe. Tangu Vita Kuu ya Kwanza, reli itokayo Tanga iliunganishwa hapo na ile ya Voi, na tarehe 21 Machi 1916 palipiganwa vita kati ya majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani. Tambarare hii haikuwa kamwe nchi ya ukoo mmoja. Wapo Wakahe wenyewe, wenye lugha yao iliyo jamaa ya Kichagga. Wapo Wachagga walioshuka, ambao kihamba chao kiko juu na shamba liko chini. Wapo Wapare, na wapo waliofuata reli, mpunga, au miwa ya Arusha Chini. Mkristo hupakana na Mwislamu, na mwenye shamba hupakana na kibarua wa msimu.

Hapa nadharia ya Gutmann yapungukiwa mara tatu. Kwanza, ameweka msingi juu ya kuzaliwa. Kwa mtu wa mlimani aliyekufa Dar es Salaam, ukoo humrudisha kihambani, na kaburi lake huwa kati ya migomba ya baba zake. Lakini mpanga chumba wa Kahe, aliyetoka mkoa mwingine kwa ajili ya palizi ya mpunga, ukoo wake uko mbali. Homa ilipompata mwaka 2021, aliyemsikia akikohoa usiku ni mtu wa chumba cha pili. Ikiwa faraja ya Kanisa hupita katika mishipa ya damu, mtu huyo haimfikii. Mholanzi J. C. Hoekendijk, katika uhakiki wake wa mwaka 1948 juu ya wanatheolojia wa misheni wa Kijerumani, alikwisha kuonya kwamba taifa na ukoo vikifanywa udongo wa lazima wa Kanisa, Injili hupokea mipaka isiyo yake. Ujerumani ya miaka ya 1930 ilionyesha onyo hilo lilikuwa la haki kiasi gani. Gutmann hakutaka kumfungia Kristo katika ukoo, lakini maneno yake yaliacha mlango wazi.

Pili, ukoo alioueleza ni wa baba. Mwanamke aliyeolewa huingia humo kama mgeni wa kudumu. Lakini ni nani aliyepeleka uji kwa wagonjwa? Ni nani aliyekaa na mfiwa baada ya watu kutawanyika? Katika sharika zetu kazi hiyo imebebwa zaidi na wanawake, ambao si wa ukoo ule kwa damu. Kitabu kisichoweza kueleza kazi ya wale waliofanya kazi kubwa kina upungufu katika kiini chake.

Tatu, Gutmann aliogopa mji, fedha na kibarua, akaviona kama vivunja mafungamano. Wachagga wa wakati wake hawakumfuata katika hofu hiyo. Walitaka shule, wakapanda kahawa, na mwaka uo huo wa 1925 wakaanzisha chama cha wakulima wa kahawa, ambacho kilitangulia KNCU ya mwaka 1933. Chama nacho ni fungamano, lakini halikuzaliwa na ukoo. Lilitokana na makubaliano.

Na hapo ndipo twaona kwamba jibu lilikuwa mkononi mwa Gutmann mwenyewe. Katika maisha ya ujirani wa mlimani hakuna kilicho maarufu kuliko mfongo, yaani mfereji uletao maji kutoka mtoni hadi vihambani. Ukoo fulani waweza kuwa ndio ulioanza kuuchimba, lakini hauendeshwi kwa damu tu. Huendeshwa kwa zamu: kila mtu ana siku yake ya maji na siku yake ya kuzibua matope. Asiyetokea kazini huonywa. Mgeni aliyepata shamba kando ya mfereji, akishiriki kazi, hupata maji. Huo ni ujirani unaofanywa, hauzaliwi. Gutmann aliuona, akauhesabu miongoni mwa vitu vya asili.

Mtu wa tambarare aelewa jambo hilo kwa uchungu zaidi, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kupata maji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mavuno ya mpunga yaliongezeka sana. Ndipo wakulima wa upande wa juu, nje ya mpango, nao wakapanua majaruba yao, na maji yakawapungukia wa chini. Waliochukua maji hayo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakilisha watoto wao. Lakini wa juu akifungua maji bila kumfikiri wa chini, salamu njema za asubuhi hazitalowesha shamba la jirani yake. Ujirani wa mfereji wahitaji faraja na onyo kwa pamoja: kumsaidia aliyekaukiwa, na kwenda juu kumwambia mwenzako afunge. Basi kile ambacho Kiyunani kilikiweka katika neno moja, mkulima wa Kahe akifanya katika kazi moja.

Bwana wetu naye aliulizwa jirani ni nani, naye katika Luka 10 aligeuza swali, akauliza ni nani aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Jibu lilikuwa Msamaria, ambaye kwa damu hakuhusika. Ni jambo la kutafakari kwamba hospitali yetu ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na Shirika la Msamaria Mwema. Jina hilo lapita nadharia yote ya ukoo.

6. Pingamizi moja

Yawezekana mwanafunzi makini akauliza: Je, faraja ikiwekewa zamu haigeuki kuwa sheria? Ndugu atembelewaye kwa sababu ni siku ya fulani kumtembelea, je, amepata Injili au amepata ratiba?

Swali ni la haki, na Mluteri hapaswi kulipuuza. Lakini Matendo 6 yatuonyesha kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, nao mitume hawakujibu kwa mahubiri juu ya upendo. Waliweka watu saba. Utaratibu haukuuzaa upendo; uliuzuia upendo usiwapite watu wa lugha nyingine. Mahali pasipo na zamu, wanaotembelewa ni wale wanaopendwa tayari: mzee wa kanisa, mtoaji mkubwa, mama wa kwaya. Kibarua husahauliwa, wala hakuna aliyekusudia kumsahau.

Luther mwenyewe alilifikiri jambo hili tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527. Chuo kilihamishiwa Jena, lakini yeye alibaki, na nyumba yake ikawa na wagonjwa. Katika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau, aliyeuliza kama ni halali kumkimbia mauti, Luther hakutoa jibu moja kwa watu wote. Wenye wajibu kwa wengine, kama mchungaji, mtawala, na jirani ambaye mgonjwa hana mwingine ila yeye, wasiondoke. Asiye na wajibu, mahali ambapo wahudumu wanatosha, yu huru kuondoka. Na wale wanaodharau dawa na tahadhari wakidai kumtegemea Mungu, aliwakemea kuwa wanamjaribu Mungu na kuhatarisha maisha ya wengine. Msomaji aone jinsi faraja na onyo zilivyo pamoja katika waraka huo, na jinsi hoja yote ilivyosimama juu ya swali moja: ni nani anayewajibika kwa mlango upi? Swali hilo haliwezi kujibiwa siku ugonjwa unapoingia. Hujibiwa mapema, kama zamu ya maji ijulikanavyo kabla ya kiangazi.

7. Yanayotupasa

Kutokana na uhakiki huu twapendekeza mambo manne, nayo yote yawezekana bila mfadhili.

Kwanza, daftari la jumuiya. Katika sharika nyingi daftari hilo huonyesha mahudhurio na michango. Liongezwe ukurasa wa milango: nani ajua hali ya nani, juma hili na juma lijalo. Wapangaji na vibarua waandikwe, hata kama hawana bahasha. Kwa kuwa jumuiya hupangwa kwa mahali, wala haipangwi kwa ukoo, ndicho chombo chetu kilicho karibu zaidi na mfereji.

Pili, Meza ya Bwana kwa wasiotoka. Wazee wengi waliozoea kukaa nyumbani wakati wa ugonjwa hawakurudi, na wengine hawawezi tena kurudi. Kuwahubiria kutoka mbali kwamba warudi ni kumwonya mtu bila kusimama kando yake. Wapelekewe Meza, wala isiwe siku ya hatari tu.

Tatu, ukweli makaburini. Wachungaji wafundishwe kuketi na wafiwa na kuutengeneza wasifu wa marehemu kwa upole na kweli. Na kwa wale waliozikwa mwaka 2020 na 2021 kwa haraka au kwa maneno ya kuficha, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, ambayo katika mapokeo tuliyopokea kutoka Ujerumani huwakumbuka waliolala, itumiwe kuwataja kwa majina, familia zao zikiwapo. Kutaja jina mbele ya Mungu ni mwanzo wa maombolezo yaliyocheleweshwa.

Nne, mlima na tambarare. Sharika za juu mara nyingi zina majengo, shule na watu wenye nafasi. Za chini zina umbali, mafuriko ya masika, na wachungaji wachache. Tumezoea uhusiano na sharika rafiki za Ujerumani na Marekani, nao ni wa kushukuriwa. Lakini usharika wa mlimani na ule wa tambarare unywao maji ya mto uo huo haujuani. Zamu ya kutembeleana kati yao ingekuwa faraja kwa wa chini na onyo kwa wa juu, na pengine kinyume chake.

8. Hitimisho

Gutmann aliuliza swali lililo sawa: Injili huwafikaje watu pale walipo, katika nyumba zao na ujirani wao? Jibu lake alilisimamisha juu ya yale mtu aliyozaliwa nayo, na Kahe yaonyesha kwamba jibu hilo huwaacha nje wengi ambao Kristo amewaita. Twapendekeza kwamba kitabu chake kiendelee kusomwa vyuoni mwetu, lakini kisomwe pamoja na Makala za Smalkald upande mmoja, na ramani ya mifereji upande wa pili.

Ugonjwa mwingine waweza kuja. Vizazi vilivyoona homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 navyo vilidhani yamekwisha. Wakati huo mchungaji hatapata nafasi ya kutunga theolojia ya faraja. Atakuwa na ile tu iliyokwisha kuandikwa katika daftari la jumuiya, kwa majina ya watu na milango yao. Wanafunzi waendao mazoezi ya utumishi mwaka huu waombe kuliona daftari hilo katika juma lao la kwanza, na wahesabu ni majina mangapi humo hayana mtu wa kuyabishia hodi.